Nani Mtu Wako? Uhusiano wa Utotoni na Afya ya Akili Ukubwani

Kama kawaida yetu, tukitembelea shule za sekondari huku Mbagala tunaacha sanduku la maswali. Unaandika swali lako kwenye kikaratasi, huandiki jina, unalitumbukiza. Safari hii kuna swali lililoletwa kwa maneno mengi tofauti, lakini ukilichambua ni lile lile: "Mimi sikulelewa na mama yangu. Eti ni kweli mtu wa namna hii akikua anapata matatizo ya akili?"

Swali hili ni zito, na anayeliuliza huenda amelala nalo siku nyingi. Jibu lake fupi ni hili: hapana, si lazima. Jibu refu ndilo somo letu la leo. Soma taratibu, ukifika mwisho kuna maswali ya kujadili na wenzako darasani au kwenye klabu yenu.

AFYA YA AKILI NI NINI HASA?

Watu wengi wakisikia "afya ya akili" wanamfikiria mtu anayeongea peke yake barabarani, au wanaitaja Mirembe, ile hospitali ya Dodoma. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Kila mtu ana afya ya akili, kama vile kila mtu ana afya ya mwili. Ukiwa nayo nzuri unaweza kupokea shida za kila siku bila kuvunjika, unaweza kusoma, kufanya kazi, na kuishi vizuri na watu. Ikitetereka unaweza kupata wasiwasi usioisha, au sonona, yaani huzuni nzito inayokaa wiki baada ya wiki mpaka mtu anapoteza hamu ya chakula, ya masomo, hata ya kuishi.

Kwa nini tunawaambia ninyi wa sekondari? Kwa sababu mambo haya huanza mapema. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu theluthi moja ya matatizo ya akili hujitokeza kabla mtu hajafika miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Huo ndio umri wako.

MABOMU NA MKONO WA MAMA

Muulize mtu mzima yeyote wa Mbagala habari za tarehe 29 Aprili 2009. Asubuhi ile ghala la silaha katika kambi ya jeshi hapa Mbagala lililipuka. Mabomu yaliruka mpaka kwenye makazi ya watu. Watu zaidi ya 20 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Watu walikimbia ovyo, kila mmoja na njia yake. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao, na kazi kubwa ya siku zilizofuata ikawa kuwakutanisha. Tarehe 16 Februari 2011 jambo kama hilo likatokea tena, safari hii Gongo la Mboto.

Sasa jiulize: katika siku kama ile, mtoto mdogo anaumizwa zaidi na nini? Ule mlio wa bomu, au kutokumwona mama yake?

Swali hili liliwahi kufanyiwa kazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jiji la London lilikuwa likipigwa mabomu usiku kwa usiku. Watoto wengi walipelekwa mbali na jiji ili wawe salama, wakaachana na wazazi wao. Anna Freud na mwenzake Dorothy Burlingham walifungua vituo vya kulelea watoto wa vita, wakawa wanaandika kila walichokiona. Walichokikuta kiliwashangaza wengi. Mtoto aliyekaa na mama yake au mlezi aliyemzoea, hata kama mabomu yalilia juu ya paa, mara nyingi alitulia, mradi mlezi mwenyewe ametulia. Lakini mtoto aliyetenganishwa na watu wake, hata akiwa mahali salama, wengi walisononeka: wengine walirudia kukojoa kitandani, wengine wakakataa kula, wengine wakanyamaza kabisa.

Shika hapo, maana ndiyo hoja yetu yote. Shida peke yake inaumiza, ila shida ukiwa huna mtu inaumiza mara nyingi zaidi. Mtoto mchanga hapimi hatari kwa mlio wa bomu. Anapima kwa uso wa anayembeba.

VIJIJI VYA BUGANDA, MWAKA 1954

Moja ya tafiti za kwanza kabisa duniani za kuchunguza uhusiano huu nyumba kwa nyumba haikufanyika Ulaya wala Marekani. Ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia aitwaye Mary Ainsworth alifika Kampala na mumewe. Alikuwa na nafasi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Akiwa na mkalimani wa Kiganda, alianza kuzitembelea familia za vijiji vya jirani na Kampala, mara moja kila baada ya wiki mbili hivi. Anakaa sebuleni pamoja na wageni wengine, anazungumza na mama, anamtazama mtoto. Basi. Watoto wenyewe walikuwa 28.

Aliona nini? Aliona kwamba mtoto akishajua kutambaa huwa na safari zake. Anamwacha mama, anakwenda kushika kiti, anamchungulia mgeni, halafu anageuka kuangalia: mama yupo? Akimwona, anaendelea. Akiogopa, anarudi mbio, anamshika mama miguu, anatulia, kisha anaondoka tena. Mama ni kama kituo cha daladala: unaondoka kwa sababu unajua utakapokosa mwelekeo utarudi na kituo utakikuta pale pale.

Aliona pia kwamba watoto hawakuwa sawa. Watoto 16 kati ya wale 28 walikuwa na uhakika na mama zao, wakacheza kwa raha. Wengine walilia sana hata wakiwa mapajani kwa mama, kama vile hawana uhakika kesho ataamkaje. Tofauti ilitoka wapi? Pamoja na wingi wa malezi ya mama mwenyewe, jambo moja lilijitokeza wazi: mama aliyemjua mtoto wake. Ukimuuliza habari za mtoto anakueleza kwa undani: analala saa ngapi, anapenda nini, kilio cha njaa kikoje, kilio cha usingizi kikoje. Mama wa namna hiyo alikuwa akimsoma mtoto na kumjibu. Watoto wa mama hao ndio wengi wao walikuwa na uhakika.

Jambo lingine: watoto wale hawakumpenda mama peke yake. Wengine walishikamana pia na baba, na bibi, na ndugu wakubwa wa nyumbani. Ainsworth aliandika yote hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Baadaye alirudia kazi hiyo katika jiji la Baltimore, Marekani. Leo duniani kote wanafunzi wa saikolojia wanafundishwa elimu hii, na mizizi yake mmojawapo uko kwenye sebule za Buganda.

Uhusiano huu wataalamu wetu wengine wanauita mafungamano, yaani kile kinachomfunga mtoto na mlezi wake. Katika somo hili tutautaja kwa jina hilo.

KINACHOTOKEA NDANI YA MWILI

Hebu tuangalie kidogo baiolojia. Ukiogopa, mwili unapiga king'ora. Moyo unakwenda mbio, pumzi inapanda, na tezi zilizo juu ya figo zinamwaga homoni, mojawapo ikiitwa kotisoli. Hiyo inakupa nguvu ya kupambana au kutimua mbio. Hatari ikipita, king'ora kinazimwa.

Mtoto mchanga anajua kupiga king'ora, yaani kulia, lakini hajui kukizima. Anayekizima ni mlezi: anamnyanyua, anamwimbia, anampigapiga mgongoni. Jambo hili likirudiwa mara elfu na elfu, ubongo wa mtoto unajifunza mambo mawili. La kwanza, shida huwa zinaisha. La pili, ukiita, mtu anakuja. Ubongo unajengwa kwa kasi sana katika miaka ya mwanzo, kwa hiyo masomo haya mawili yanaingia kama msingi wa nyumba.

Je, kama anayelia hajibiwi kabisa, au anayemjibu ndiye anayempiga? King'ora kinabaki kinalia. Kotisoli ikiwa juu kwa muda mrefu inachosha mwili na ubongo. Mtoto wa hivyo anaweza kukua akiwa na hasira za haraka, au anashtuka kwa kitu kidogo, au hamwamini mtu yeyote. Darasani mwalimu anamwita mtukutu au mzembe, kumbe mwili wake umekaa tayari kwa vita muda wote.

Na hili la kupigwa halipo mbali nasi. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania. Karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18, kama kupigwa ngumi au mateke. Wasichana karibu 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Hivyo kama umepitia hayo hauko peke yako, na kosa si lako.

JE, ALIYEKOSA NDIYO BASI TENA?

Hapa ndipo turudi kwa wenzetu wa sanduku la maswali. Kuna mambo matatu ya kujua.

La kwanza: mlezi si lazima awe mama aliyekuzaa. Huku kwetu familia nyingi zina watu kutoka Lindi, Mtwara, Rufiji na kwingineko. Wako waliobaki kijijini kwa bibi wakati mama anatafuta maisha mjini. Wako wanaoachwa na dada mkubwa wakati mama anadamka alfajiri kuwahi mzigo Kariakoo au samaki Feri. Mama huyo hajakutelekeza, anakulisha. Kinachotakiwa ni kwamba awepo mtu anayemjua mtoto, anayemjibu, na asiyebadilika badilika kila mwezi. Bibi anaweza. Shangazi anaweza. Baba pia anaweza, tena vizuri tu.

La pili: pengo linaweza kuzibwa, na likiwahiwa ni bora zaidi. Nchini Romania, chini ya utawala wa Nicolae Ceaușescu ulioanguka mwaka 1989, watoto wengi sana walijazwa kwenye makao ya serikali. Walilishwa na kuoshwa, lakini mhudumu mmoja alikuwa na watoto chungu nzima, hakuna wa kumpakata yeyote. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa makao ya mji mkuu, Bucharest. Nusu yao walipelekwa kuishi na familia. Wale waliopata familia walipiga hatua katika akili, katika mapenzi, hata katika kimo. Waliofika kwenye familia kabla ya kutimiza miaka miwili walifaidika zaidi. Chakula na kitanda peke yake havikutosha. Walihitaji mtu.

La tatu, na hili lishike sana: mtu mmoja anaweza kubadilisha maisha. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu tumboni mpaka utu uzima. Baadhi yao walikulia katika umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi. Ungedhani wote hao wangeharibikiwa. Lakini karibu mmoja kati ya watatu wa hao walioanza vibaya alikua akawa mtu mzima mwenye kujiamini, mchapakazi na mwenye upendo. Walikuwa na nini? Wengi walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuyumba. Kwa wengine alikuwa bibi au mjomba, kwa wengine mwalimu, au jirani. Hata miongoni mwa walioteleza wakiwa vijana, wengi walijirekebisha baadaye wakiwa watu wazima.

Kwa hiyo utoto unaanzisha safari, lakini haukupangii kituo cha mwisho.

SASA WEWE WA SEKONDARI

Ubongo wako bado unajengwa. Tangu kubalehe mpaka kwenye miaka 25 hivi, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kufikiri kabla ya kutenda, inaendelea kukomaa. Ndiyo maana marafiki unaowachagua sasa wana uzito mkubwa. Zamani ulipewa watu, sasa unachagua watu.

Na watu ni dawa. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kuwafuatilia vijana wa kiume wa Boston, matajiri kwa maskini, na kazi hiyo ikaendelea zaidi ya miaka 80. Ilionekana kwamba wale ambao wakiwa na miaka 50 walikuwa na uhusiano mzuri na watu wao ndio waliokuwa na afya nzuri zaidi walipofika miaka 80. Upande wa pili, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na vijana wamo tena sana. Upweke hauhesabiwi kwa idadi ya watu. Unaweza kuishi nyumba ya kupanga yenye familia sita, simu imejaa makundi, na bado ukakosa wa kumwambia "leo nimeumia".

CHUNGA MAPENZI YA BANDIA

Mtu mwenye njaa hachagui chakula. Kijana aliyekosa kusikilizwa nyumbani anaweza kumkimbilia yeyote anayemwita "mtoto mzuri". Kwa msichana anaweza kuwa mtu mzima mwenye lifti na pesa ya chipsi. Kwa mvulana anaweza kuwa kaka wa kijiweni anayempa bangi na kumwita "mwanangu". Wote wawili wanatoa kitu ambacho kijana anakitafuta kweli, na ndiyo maana wanampata. Usijilaumu kwa kuhitaji kupendwa, kila binadamu anahitaji. Ila mpime mtu huyo:

* Je, anataka usimwambie mtu yeyote habari zenu?
* Je, anakutenga na ndugu na marafiki zako?
* Je, kila anachokupa kina malipo yake?
* Ukisema "sitaki", anakuheshimu au ananuna na kutisha?

Mtu wako wa kweli anafurahi ukiwa na watu wengine pia, na "hapana" yako anaipokea.

FANYA NINI? HATUA TANO

1. Mtafute mtu wako. Andika majina ya watu wazima wote unaowajua: shangazi, mwalimu mlezi, mama wa jirani, kocha, kiongozi wa msikiti au kanisa. Weka alama kwa anayesikiliza bila kukatiza na asiyetangaza siri za watu. Hata akibaki mmoja, anatosha kuanzia.

2. Anza na dogo. Usimwage yote siku ya kwanza. Mweleze jambo dogo, uone analipokeaje. Imani hujengwa kidogo kidogo, haba na haba hujaza kibaba.

3. Sema kwa maneno rahisi. "Shikamoo mwalimu. Naomba dakika kumi, kuna jambo linanisumbua na nashindwa kusoma." Hayo yanatosha. Wa kwanza asipokuelewa, nenda kwa wa pili. Usiishie hapo.

4. Uwe mtu wa mwingine. Umeachiwa mdogo wako? Akilia mnyanyue, akiongea mjibu, mwimbie unapofua. Hutumii hata shilingi, na unamjengea ubongo. Rafiki yako amekuwa kimya siku nyingi? Mwulize, "Mshikaji, kuna nini?" halafu nyamaza, msikilize.

5. Likikuzidi, omba msaada mapema. Huzuni ikipita wiki mbili, au ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje. Nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Temeke, au mwone afisa ustawi wa jamii. Kuna pia namba 116, huduma ya simu kwa mtoto: kupiga ni bure. Kama kuna anayekufanyia ukatili, vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

BIBI NA BENCHI

Usidhani msaada ni lazima uwe daktari bingwa. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa kitongoji cha Mbare, Harare. Hawakuwa na shahada. Walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Walikaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, chini ya mti. Mwaka 2016 yakatoka matokeo ya utafiti uliowahusisha watu 573. Baada ya miezi sita, katika kundi lililohudumiwa kwa njia ya kawaida nusu walikuwa bado na dalili za sonona. Katika kundi la bibi na benchi ilikuwa watu 14 tu katika kila 100. Mpango huo umeshafika mpaka Zanzibar.

Bibi tunao Charambe, tunao Kizuiani, tunao Kongowe. Mabenchi nayo yapo. Kinachopungua ni mtu wa kukaa na mwingine wa kusikiliza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wenu, mtoto wa mwaka mmoja anashinda na nani wakati mama yuko kazini? Je, mtu huyo anamjua mtoto?
2. Wazee husema "mtoto akilia sana mwache, atazoea." Kwa uliyosoma, unakubali? Toa sababu.
3. Mwanafunzi mwenzenu analala darasani na kujibu kwa hasira. Taja mambo matatu ambayo huenda yanamsibu, na jambo moja darasa lenu linaweza kumfanyia.
4. Kuna tofauti gani kati ya kuwa peke yako na kuwa mpweke?
5. Zoezi la siri, usimwonyeshe mtu: andika jina la mtu wako. Kama huna jina la kuandika, rudi hatua ya kwanza, uianze wiki hii.